Amelala pembeni ya lami, hajitambui: muanze kuangalia nini?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda mjini Morogoro. Hivi karibuni mwenzetu aligongwa na gari dogo, akaanguka chali pembeni ya lami, helmeti kichwani, hajitambui, anakoroma. Mmoja akamwagia maji, mwingine akakimbilia kutafuta kitunguu anusishwe, wengine wakasema ameshakufa asiguswe mpaka polisi waje. Mwisho tulimpakia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki tukamkimbiza hospitali. Amepona, lakini nimebaki na maswali. Mtu akiwa hivyo naanza kuangalia nini? Nitajuaje kama amezimia au amekufa? Na helmeti inatolewa au inaachwa?

JIBU: Mwenyekiti, poleni sana, na afadhali mwenzenu yuko hai. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo lililowala muda pale barabarani. Ninyi hamhitaji kujua kama mtu amezimia au amekufa. Hiyo ni kazi ya daktari. Swali lenu ni moja: anapumua kawaida, au hapumui kawaida? Jibu lake linapatikana ndani ya sekunde 10, bila kifaa chochote, na karibu kila mnachofanya baada ya hapo kinategemea jibu hilo.

Umeandika kwamba alikuwa anakoroma. Hilo lilitosha kuwapa kazi. Mtu asiyejitambua akikoroma, hajalala usingizi: misuli ya taya na koo imelegea, ulimi umerudi nyuma, na hewa inapita kwa kujipenyeza. Akiwa chali, damu na matapishi hukusanyika kooni, naye hana uwezo wa kumeza wala kukohoa. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, nne au tano hivi. Ndiyo maana mtu mwenye jeraha la kichwa ambalo lingetibika hospitali anaweza kufa kwa ulimi wake mwenyewe, huku amezungukwa na watu 30.

Kabla hujamgusa

Simama kidogo, angalia eneo. Gari linalokuja ndilo hatari ya kwanza. Tuma mtu mmoja kila upande na matawi ya miti, hatua 100 au zaidi, na kama kuna kona asimame kabla ya dereva hajaifikia kona. Zimeni injini ya pikipiki iliyoanguka, na kama petroli inavuja asiwepo mwenye sigara. Nguzo ya umeme ikiwa imegongwa na waya uko chini, kaeni mbali wote mpaka TANESCO wakate umeme, hata kama majeruhi analia. Vaa glavu ukiwa nazo.

Kisha gawa kazi kwa kunyooshea mtu kidole: “Wewe mwenye shati jekundu, piga 112, useme tuko wapi, urudi uniambie wamejibu nini.” Ukisema tu “pigeni simu”, kila mmoja ataamini mwenzake ameshapiga. Mtu akiwa amebanwa kwenye chuma, au kuna moto, piga pia zimamoto, 114.

Ukimfikia, jicho la kwanza liende kwenye damu nyingi: inayoruka, inayomiminika bila kukatika, au iliyotengeneza dimbwi. Hiyo ndiyo pekee inayotangulia kupumua, kwa sababu mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kuisha ndani ya dakika tatu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Chupa tatu za maji za nusu lita zikishamwagika, hali ni mbaya. Weka kitambaa juu ya jeraha na mtu akandamize kwa uzito wa mwili wake, mikono imenyooka, bila kuachia ili achungulie. Kuachia kila nusu dakika kunang’oa damu iliyoanza kuganda.

Kama ni mkono au mguu na kukandamiza hakutoshi, funga juu ya jeraha, upande wa moyoni, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, si juu ya goti wala kiwiko. Tumia kitambaa kipana, angalau vidole vitatu. Kamba nyembamba na waya hukata nyama bila kufunga mshipa. Pitisha kijiti, kisokote mpaka damu isimame, kifunge kisirudi, andika saa. Ataumia sana, na hayo maumivu si sababu ya kulegeza. Kifungo kilicholegea ni kibaya kuliko kutofunga: kinazuia damu kurudi moyoni huku kikiruhusu mpya kutoka, na jeraha linamwaga zaidi.

Anaitikia?

Piga magoti mahali ambapo macho yake, yakifunguka, yatakuona bila yeye kugeuza shingo. Mwenzako mmoja akae upande wa kichwa, akishike kwa viganja vyote viwili kisiyumbe. Mwite kwa sauti kubwa, mgonge mabegani: “Kaka! Unanisikia? Fumbua macho!” Usimtikise, usimpige makofi. Akiwa kimya, bana kwa nguvu msuli ulio kati ya shingo na bega, uangalie atafanya nini.

Kuna ngazi nne, na mtu yeyote kijiweni anaweza kuzikumbuka. Yu macho na anaongea. Anaitikia sauti tu. Anaitikia maumivu tu. Haitikii chochote. Taja kwa sauti ngazi uliyoikuta, pamoja na saa, ili wenzako wawe mashahidi. Hospitali wana kipimo kirefu zaidi, cha alama 3 hadi 15, kilichotungwa mjini Glasgow mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Barabarani hakihitajiki. Ila ni vizuri ujue kwamba mtu anayeitikia maumivu tu yuko karibu na alama 8 ya kipimo hicho, kiwango ambacho madaktari huanza kufikiria kumwekea mrija wa hewa, kwa maana hawamwamini tena kulinda koo lake. Ninyi hamna mrija, lakini mnaweza kumlaza ubavu.

Neno moja kuhusu pombe. Mtu akinuka gongo watu husema “huyo kalewa tu, mwacheni alale.” Kulewa hakuzuii fuvu kupasuka, na walevi ndio huanguka zaidi. Mlevi asiyejitambua apimwe kama mwingine yeyote.

Hewa

Weka kiganja kimoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, inua kidevu huku kichwa kikilala nyuma kidogo. Usikandamize nyama laini chini ya kidevu, utasukuma ulimi juu. Na kumfumbua mdomo peke yake hakusaidii, maana kinachoziba kiko nyuma, kooni.

Kwa aliyegongwa au aliyeanguka kwa kasi, jaribu kwanza njia isiyosogeza shingo: aliyeshika kichwa aweke vidole nyuma ya kona za taya, chini ya masikio, asukume taya mbele mpaka meno ya chini yawe mbele ya yale ya juu. Ni ngumu kwa asiyezoea. Hewa isipopita baada ya jaribio moja, inua kidevu, hata kama unahofia shingo. Hofu ya shingo ni ya kweli na wale waliosema “asiguswe” hawakuwa wajinga, ila wameweka mambo kwa mpangilio usio sahihi. Si kila aliyegongwa amevunjika shingo, ila kila anayekosa hewa atakufa.

Chungulia mdomoni. Toa unachokiona: jino lililong’oka, udongo, ugoro, meno ya bandia yaliyolegea. Usichokiona usikifuate kwa kidole, utakisukuma ndani zaidi. Damu au matapishi yakiwa yamejaa, mgeuze ubavu mara moja yamwagike.

Sasa sogeza shavu lako karibu na mdomo na pua yake, macho yako yaelekee kifuani. Tazama kifua na tumbo vikipanda na kushuka, sikiliza, hisi pumzi shavuni. Hesabu mpaka 10. Barabarani kuna honi na kelele, kwa hiyo utaamini zaidi macho na shavu; mwambie mwingine aweke kiganja juu ya kitovu cha majeruhi ahisi mwendo.

Masikio yako yatakupa habari zaidi. Kukoroma ni ulimi: inua kidevu. Mlio kama maji yanayochemka ni damu au mate kooni: mgeuze. Mluzi mkali anapovuta pumzi ni kitu kilichokwama au koo lililovimba, na huyo aende hospitali haraka kuliko wote. Kimya huku kifua kikihangaika kupanda ni kibaya zaidi ya kelele zote, maana hakuna hewa inayopita kabisa.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chini ya 10 au zaidi ya 30 ni hatari. Hesabu kwa nusu dakika, uzidishe kwa mbili.

Na sasa jambo linaloua watu wengi kwa kutofahamika. Moyo unaposimama, mtu huweza kuendelea kwa dakika kadhaa kuvuta pumzi kwa mikupuo: mdomo unafunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, kidevu kinaruka, kisha kimya sekunde tano, kumi, halafu tena. Watu wakiona hivyo ama husema “bado anapumua” wakamwacha, ama husema “anakata roho” wakarudi nyuma na kuanza dua. Huko si kupumua. Ukiona hivyo na haitikii, anza kubonyeza kifua hapo hapo. Usipoteze muda kutafuta mapigo shingoni. Hata wahudumu wenye mafunzo hukosea, na mara nyingi mtu huishia kuhisi mapigo ya vidole vyake mwenyewe.

Mlaze chali mahali pagumu. Kisigino cha kiganja kimoja kiwe nusu ya chini ya mfupa wa kidari, cha pili juu yake, mikono imenyooka. Bonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kirudi juu kabisa kila mara. Baada ya mibonyezo 30 mpe pumzi 2 kama umefundishwa. Kama hujafundishwa, au mdomo umejaa damu, bonyeza tu bila kukatisha. Badilishaneni kila dakika 2, kwa sababu mikono huchoka kabla ya mwenyewe kugundua. Mbavu zikilia, endelea. Mtoto, au mtu aliyetolewa bwawani, aanze kupewa pumzi 5 kwanza, kwa kuwa kilichomsimamisha ni kukosa hewa. Kifua cha mtoto kibonyezwe theluthi moja ya unene wake. Nikuambie pia ukweli: moyo uliosimama kwa sababu damu imeisha mwilini hurudi mara chache. Ndiyo maana nimeanza na damu.

Anapumua, hajitambui

Huyu ndiye mwenzenu. Asibaki chali. Ukiwa peke yako: mkono wake ulio upande wako utoe kando ya mwili wake, kiwiko kimekunjwa. Mkono wa pili uulete shavuni, mgongo wa kiganja ukigusa shavu la upande wako, uushikilie hapo. Kwa mkono wako mwingine inua goti lake la mbali mpaka unyayo ukanyage chini, kisha vuta goti kuelekea kwako. Mwili wote utageuka wenyewe, hata wa mtu mnene. Goti la juu libaki limekunjwa kama nguzo asijipindue, kichwa kilale nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili kila kitu kimwagike nje. Mjamzito alale ubavu wa kushoto, maana mimba kubwa hukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni.

Mkiwa wanne, na ajali ilikuwa ya kasi, mgeuzeni kama gogo. Mmoja kichwani, na huyo ndiye anayehesabu na kuamuru. Watatu begani, nyongani na magotini, wote upande mmoja. “Moja, mbili, tatu, geuza”: pua, kitovu na vidole vya miguu vielekee upande mmoja wakati wote. Kosa la kawaida ni aliye kichwani kusubiri mwili ugeuke kwanza.

Helmeti

Inaachwa kama anapumua vizuri na unaweza kuufikia mdomo na pua. Fungua kioo, legeza kamba, basi. Zile helmeti ndogo zisizofunika uso huwa hazizuii kitu. Inatolewa kama hapumui, kama anatapika ndani yake, au kama kidevu chake kimefunikwa na huwezi kuinua taya. Katika hali hizo kuiacha ndilo kosa.

Inahitaji watu wawili. Wa kwanza anapiga magoti juu ya kichwa na kushika helmeti pande zote mbili isiyumbe. Wa pili anakata au kufungua kamba, anaingiza mkono mmoja chini ya kisogo na mwingine anashika taya, dole gumba upande huu na vidole upande ule. Kuanzia hapo uzito wa kichwa ni wa huyu wa pili. Wa kwanza anatanua pande za helmeti nje ili zipishe masikio, anaivuta taratibu akiilaza nyuma kidogo mpaka sehemu ya kidevu ipite pua, kisha anaiinamisha mbele ipite kisogo. Katikati ya safari asimame, ili wa pili asogeze mkono wake juu zaidi nyuma ya kichwa. Hapo ndipo wengi hukosea: helmeti ikichomoka, kichwa huanguka sentimita kadhaa na kugonga lami. Kama bado yuko chali, kunja kanga au shati unene wa sentimita 2 au 3, iweke chini ya kichwa.

Rangi ya ngozi

Vitabu vingi husema angalia kama amepauka au amekuwa bluu. Kwa ngozi zetu nyeusi, uso hauonyeshi hivyo mapema. Funua mdomo wa chini uangalie fizi na ulimi, shusha kope la chini, tazama viganja. Weupe wa fizi na kope ni dalili ya damu kupungua; rangi ya zambarau au ya kijivu kwenye ulimi na fizi ni hewa haitoshi. Bonyeza ukucha sekunde 5 na uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Asubuhi ya baridi kule Mgeta itachelewa hata kwa mzima, kwa hiyo jilinganishe na ukucha wako mwenyewe.

Ngozi baridi yenye jasho, kiu kali, na mtu kuhangaika akitaka kuinuka na kutukana wasaidizi, hayo yakija pamoja ni damu inaisha ndani. Watu hudhani ni ukorofi wakamwacha. Msimpe maji hata akiomba: atatapika, na huenda atahitaji upasuaji.

Kutoka kichwani mpaka miguuni

Hii ni baada ya hewa na damu kutulia, na haipaswi kuchelewesha safari. Pitisha mikono, kisha utazame glavu kama zina damu. Kichwani tafuta uvimbe na sehemu inayobonyea, usiibonyeze. Damu au majimaji meupe kutoka sikioni au puani humaanisha pengine fuvu limepasuka chini. Usizibe, laza sikio hilo lielekee chini. Mulika macho kwa tochi ya simu: mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine na haisinyai, ubongo unakandamizwa. Kifuani tazama kama pande zote zinapanda sawa. Tumbo likiwa gumu kama ubao, damu iko ndani. Kitu kilichochoma, nondo au kioo, kiacheni mahali pake na mkizungushie vitambaa kisitikisike.

Nyonga naomba msiitikise kujaribu kama imevunjika. Ikiwa imevunjika, huko kutikisa kunafungua upya mishipa, na nyonga inaweza kuficha lita 2 au zaidi bila tone moja nje. Mguu mmoja uliokuwa mfupi na unyayo uliopinduka nje vinatosha kukupa shaka. Funga kanga kwa kubana, usawa wa vifundo vya nyonga, si kiunoni. Paja lililovunjika laweza kumeza lita 1 hadi 1.5. Mwisho, mkimgeuza, mmoja apitishe mkono mgongoni. Majeraha ya mgongoni ndiyo yanayosahaulika.

Wakati huo huo muulizeni anayemfahamu, au pekueni mifukoni mbele ya mashahidi wawili: ana kisukari, kifafa, dawa gani, aleji gani, alikula saa ngapi. Wakati mwingine kuzimia ndiko kulikosababisha ajali. Mgonjwa wa kisukari aliyechoma sindano bila kula hutokwa jasho, huchanganyikiwa, kisha huanguka. Akiwa anaweza kumeza mwenyewe, vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari ndani ya maji vinaweza kumrudisha kwa dakika 10 hadi 15. Akiwa hajitambui, asipewe chochote mdomoni. Wa kifafa alindwe kichwa, asiwekewe kijiko menoni, ageuzwe ubavu degedege likikoma. Likipita dakika 5 ni dharura. Mkiwakuta watu wamelala hawaamki chumbani penye jiko la mkaa, fungueni milango na kuwatoa nje kabla ya kupima chochote, na msikae ndani, gesi ile haina harufu.

Kuhusu maji na kitunguu: aliyezimia kwa jua au njaa huamka mwenyewe ndani ya dakika moja au mbili akilazwa, kwa hiyo kitunguu hupewa sifa isiyo yake. Kwa aliyeumia kichwa, maji usoni huingia puani na kooni. Maziwa kwa aliyekunywa sumu, hali hajitambui, humiminika mapafuni.

Rudia kupima

Kipimo kimoja kinakwambia yuko wapi, viwili vinakwambia anaelekea wapi. Asiyejitambua mpime kila dakika 5: ngazi yake kati ya zile nne, pumzi kwa dakika, mboni, fizi. Mwogopeni sana anayezimia, akaamka, akaongea na kusema “niko sawa, nirudisheni nyumbani”, kisha baada ya saa moja au kadhaa akaanza kusinzia na kutapika. Huenda mshipa umepasuka kati ya fuvu na utando wa ubongo na damu inajaa polepole. Aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja baada ya kugonga kichwa aende hospitali, hata akiwa anatembea na kucheka.

Safari

Mshikaki hapana. Mtu asiyejitambua akikalishwa katikati ya wawili, kidevu huangukia kifuani, koo linajikunja, na aliye nyuma hawezi kuona kama anapumua. Tumieni kirikuu, Noah yenye viti vilivyokunjwa, hata bajaji kama hakuna kingine, ila alale ubavu, juu ya ubao au mlango, mmoja akishika kichwa na taya, mwingine akitazama kifua. Dereva aendeshe kawaida. Mashimo kwa mwendo wa kasi yanamwaga damu zaidi ya dakika tatu mlizookoa. Mtu mmoja aende kituo cha polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, huku majeruhi akiwa njiani. Msimsubirishe barabarani kwa ajili ya karatasi.

Wekeni kwenye mkoba wa kijiwe glavu, mkasi imara, kanga mbili, kalamu na daftari dogo. Mkifika mapokezi, muuguzi hana muda wa kusikia nani alikuwa na makosa barabarani. Mpeni karatasi iliyoandikwa hivi:

“Mwanaume, kama miaka 30. Pikipiki na gari dogo, saa 2:10 asubuhi. Alikuwa na helmeti, tumeitoa saa 2:20 kwa sababu ya matapishi. 2:15 anaitikia sauti, pumzi 18. 2:25 anaitikia maumivu tu, pumzi 12, mboni ya kulia kubwa. Damu sikio la kulia. Paja la kushoto limefungwa saa 2:13. Hajapewa kitu mdomoni. Ndugu zake hawana habari ya kisukari wala kifafa.”